Rubani Mstaafu Akiitwa Arudi Jeshini, Anarudi Kufanya Nini Hasa?

Kuna dada wa Lanet, Nakuru, ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Mwalimu habari yako. Mjomba wangu alikuwa rubani wa jeshi, sai amestaafu yuko Subukia anafuga ng'ombe. Juzi tukiwa nyumbani alisema Marekani waliwahi kukosa marubani mpaka rais akaweka saini waliostaafu waitwe warudi. Sijaelewa. Jeshi lenye pesa hivyo linakosaje marubani? Na mzee wa miaka 50 na kitu akirudi anasaidia nini, si macho yameshachoka? Na hapa kwetu, mjomba anaeza kuitwa?"

Asante dada. Swali lako nimekaa nalo siku mbili juu ni kitu nimeishi nacho karibu. Mimi nilikuwa fundi wa ndege jeshini miaka 22, si rubani, fundi, yule anabaki chini akihesabu ndege zikirudi, na tangu nitoke nafundisha vijana wa urubani darasani hapa Kisumu. Kwa hivyo nitajibu kwa urefu, tafuta chai.

Kwanza mjomba hakukosea. Tarehe 20 Oktoba 2017 Rais Donald Trump aliweka saini amri iliyorekebisha amri ya zamani ya George W. Bush, ile ya tarehe 14 Septemba 2001, siku tatu baada ya yale mashambulizi ya New York na Washington. Kabla ya hapo jeshi la anga lilikuwa limewekewa kikomo, maofisa wastaafu 25 tu ndio wangerudishwa chini ya mpango wa kuziba hilo pengo, na hiyo amri mpya ikafungua njia ya kufika 1,000. Watu wengi waliposkia wakashtuka, wakaona wazee wakitolewa nyumbani kwa nguvu, lakini jeshi lenyewe likasema wazi halina mpango wa kumrudisha mtu kwa lazima. Likaendelea na mpango wake wa hiari ulioanza miezi michache kabla ya hiyo amri, ulikuwa wa makapteni, mameja na maluteni kanali walio chini ya miaka 60. Mwaka 2018 ukapanuliwa hadi watu 1,000, waliojitokeza mwanzoni wakawa wachache sana, na 2024 wakafungua mlango tena.

Hiyo ya "kwa lazima" isikupite hivi hivi lakini. Kwa sheria ya Marekani ofisa aliyestaafu na pensheni yake bado anahesabika ni mtu wa jeshi kwa namna fulani, anaeza kuitwa. Na baada ya Septemba 2001 walifanya kitu kingine kinachofanana na hiki, walizuia watu kutoka, yaani barua yako ya kuondoka iko mezani lakini unaambiwa baki kwanza. Kwa hivyo nguvu wako nayo. Wameamua tu kuiacha kabatini, na nitakuambia kwa nini naona wamefanya vizuri.

Sasa hesabu. Kufikia mwisho wa 2017 jeshi la anga la Marekani lilikuwa linasema limepungukiwa na marubani karibu 2,000 kati ya kama 20,000 wanaotakiwa. Mmoja kati ya kumi. Na kati ya hao waliokosekana, kama 1,300 walikuwa wa ndege za kivita, zile ndogo, nyingi za mtu mmoja ndani. Si wa ndege kubwa za mizigo, wa kivita. Hapo ndio penye uchungu.

Na hapa ndio watu wengi hupotea. Wanaskia upungufu wa marubani, wanadhani vijana hawataki kuruka. Vijana wapo wamejaa, ukitangaza nafasi kesho foleni itatoka Lanet mpaka Free Area. Anayekosekana ni mtu wa katikati, yule ameruka miaka kumi, kumi na mbili, amekosea akapona, ameona mawingu mabaya na injini ikizima na bado akarudi.

Wewe ni mtu wa Nakuru kwa hivyo utanielewa nikisema hivi. Vijana wenye leseni mpya ya matatu wako kila steji, asubuhi wanaomba squad, yaani kushikia mwenye gari zamu. Lakini saa tano usiku, mvua na ukungu, umetoka Mau Summit unateremka Sachangwan kuelekea Salgaa, trela iko mbele yako breki zinanuka, unataka nani kwa usukani? Unataka mtu ambaye amepita hapo mara elfu. Sasa fikiria sacco ya matatu ambayo madereva wake wote wa aina hiyo wamechukuliwa na kampuni za mabasi makubwa ndani ya miaka mitatu, wamebaki vijana na wazee wawili wa ofisini. Magari yapo, leseni zipo, hesabu ya madereva kwa karatasi inaeza ata kutimia, lakini hiyo sacco iko kwa shida na mwenye kujua kazi anaona.

Kwa ndege za kivita ni vibaya kuliko hapo, na hii nataka uishike vizuri juu ndio kiini cha jibu langu lote. Hizi ndege haziendi peke yake, zinaenda mbili mbili au nne nne. Kuna kiongozi wa kundi na kuna yule wa ubavuni. Kijana akitoka shule ya urubani anaanza ubavuni, anamfuata kiongozi, anajifunza kwa kumwangalia, na wakirudi chini wanakaa chumbani saa mbili au tatu kiongozi akimwonyesha hapa ulichelewa, hapa ulikuwa karibu sana, hapa ungekufa. Kijana hawezi kupelekwa juu na kijana mwenzake wa jana. Kwa hivyo kila kiongozi anayeacha kazi haondoki peke yake, anaondoka na masaa ya vijana wawili watatu ambao sasa hawana wa kuwapeleka juu. Hao vijana wanakaa chini, hawapati masaa, hawawi viongozi kwa wakati wao, na baada ya miaka mitano pengo limekuwa kubwa kuliko lilivyoanza. Upungufu wa marubani unazaa upungufu. Ukiongeza vijana wengi kwa haraka ndio unaharibu zaidi, unajaza kikosi na watu wa ubavuni ambao hawana wa kumfuata.

Na huyo mtu wa katikati hapatikani dukani. Taasisi ya utafiti ya RAND ya Marekani ilipiga hesabu mwaka 2019, kumfikisha rubani wa ndege ya kivita ya F-16 mahali anaweza kuanza kazi tu ni karibu dola milioni 5.6, na wa F-22 karibu milioni 10.9. Kuanza tu. Ata ukiwa na hizo pesa zote leo asubuhi, ile miaka kumi utaitoa wapi? Ndio maana nikiskia mtu anasema "si waajiri wengine" naona hajawahi kusimama karibu na hiyo kazi.

Sasa wanaenda wapi. Wanaenda kwa mashirika ya ndege za abiria, na hapa kuna mambo kadhaa yaligongana. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, jimbo la New York, watu 50 wakafa, na familia za waliokufa zikapigania sheria ikabadilishwa. Tangu 2013 ata rubani msaidizi wa ndege ya abiria Marekani lazima awe na masaa 1,500, wakati mwanzo alikuwa anaingia ata na 250. Aliyetoka jeshini anakubaliwa na 750. Unaona venye huyo wa jeshi alivyopanda bei ghafla? Tena rubani wa abiria lazima astaafu akifika miaka 65, ilikuwa 60 mpaka mwisho wa 2007, wakasogeza mbele miaka mitano, kwa hivyo kuanzia mwisho wa 2012 wazee wakaanza kutoka kwa wingi na viti vikabaki wazi. Mwaka huo uliofuata, 2013, bajeti ya jeshi ikakatwa mpaka vikosi vingine vya ndege vikasimamishwa kuruka kwa miezi. Rubani ambaye amezuiliwa kuruka anapata muda wa kufikiria maisha. Halafu ikaja korona 2020, mashirika yakawapa maelfu ya marubani pesa waende nyumbani mapema, abiria wakarudi haraka kuliko walivyotarajia, wakaanza kutafuta marubani kama wameshikwa na njaa.

Rubani wa jeshi la anga la Marekani anatakiwa kutumika miaka 10 baada ya kupata mabawa yake, ile beji ya kuhitimu urubani. Kwa hivyo akiwa na miaka 33 au 35 hivi mlango unafunguka, na hapo ndio amekuwa yule mtu wa katikati niliyekuambia, mtamu kabisa, na kampuni ya abiria iko nje inamsubiri na gari. Jeshi linajaribu kumshika na pesa, 2017 bonasi ilipandishwa mpaka dola 35,000 kwa mwaka, ukisaini miaka 13 unafika dola 455,000, na baadaye wakapandisha tena mpaka 50,000 kwa mwaka. Ni pesa ndefu. Na bado wengi waliondoka.

Unajua kwa nini? Nimekaa na marubani maisha yangu yote na sijamskia mmoja akisema ameondoka kwa sababu ya mshahara peke yake. Pesa iko ndani, sikatai, lakini ukimwacha aongee mpaka chai ya pili inatoka kitu kingine. Mtoto amezaliwa baba hayuko, mtoto ameanza shule baba hayuko, mama amekuwa baba na mama. Halafu akirudi kambini, badala ya kuruka, anapewa ofisi. Makaratasi, mikutano, ripoti ya hesabu ya viti vya bwalo. Huyu mtu umemfundisha kwa mamilioni, ametoroka usingizi miaka kumi ili aruke, na wewe unamweka mezani miaka mitatu. Kwa hilo naona majeshi mengi yamejikata mkono yenyewe.

Na hapo ndio mjomba wako anaingia.

Umeuliza mzee akirudi anasaidia nini. Ule mpango wa kwanza wa Marekani, wa watu 25, haukuwa wa kuwarudisha wazee kwenye ndege za kivita. Ulikuwa wa kuwarudisha kwenye zile meza. Kuna kazi za ofisini ambazo lazima azifanye mtu aliyewahi kuruka, mtu wa kupanga safari za kivita, wa kuamua mafunzo ya mwaka, wa kuangalia kama mpango wa mafuta unaleta maana. Ukimweka karani ambaye hajawahi kukaa kwa kiti atapanga vitu ambavyo kwa karatasi ni vizuri na hewani ni kaburi. Kwa hivyo mzee anakaa mezani, kijana wa miaka 34 aliyekuwa mezani anarudi juu, na wale vijana wawili wa ubavuni wanapata kiongozi. Mzee mmoja chini, watatu wanaruka. Huku kwetu shule za kijijini zinafanya hivyo kila muhula, mwalimu mstaafu wa hesabu anaitwa na bodi ashike fomu tatu ili darasa lisikae bure, na hakuna anayemuuliza kama bado anaeza kukimbia mbio.

Kazi ya pili ni kufundisha, darasani na kwa simuleta, ile mashine ya chini inayoigiza ndege, na hii mimi naiona kubwa kuliko ile ya meza. Kuna funzo la Vita vya Pili vya Dunia ambalo mafundi na marubani wa umri wangu tunalijua. Japani ilianza vita na marubani hodari sana, pengine hodari kuliko wote baharini wakati huo, na ikawaacha vitani mpaka wakafa, haikuwarudisha nyumbani kufundisha. Marekani ikafanya kinyume, rubani akishapigana kiasi anarudishwa, anapewa wanafunzi. Juni 1942 Japani ilipoteza meli nne za kubeba ndege pale Midway, na ikaendelea kupoteza watu wake wazuri mwaka hadi mwaka, na kufika Juni 1944 kwenye vita vya bahari ya Ufilipino ilikuwa inapeleka vijana wenye masaa machache, wakaangushwa kwa mamia. Kiwanda kinaeza kukutengenezea ndege mpya lakini yule mtu wa kumwambia kijana hapa ungekufa, akishakufa yeye hakuna pa kumtoa.

Mashine zenyewe za kufundishia nazo zina mchango wake kwa huu upungufu. Jeshi la anga la Marekani limekuwa na lengo la kutoa marubani 1,500 kwa mwaka na kwa miaka kadhaa mfululizo halikufika, na ndege yake ya mafunzo ya kasi, T-38, iko kazini tangu 1961, hiyo ni ndege imekula chumvi kunishinda, vipuri vyake ni shida na mrithi wake amechelewa. Sitakaa hapo sana.

Sasa macho na mwili. Hapa nisiwe na huruma ya uongo. Ndege ya kivita ikikata kona kali inaeza kukukandamiza mara tisa ya uzito wako. Kichwa chako pamoja na kofia ya chuma ni kama kilo 7, zidisha kwa tisa, unapata kilo 63 zimekaa kwa shingo, na hapo hapo unatakiwa ugeuze kichwa uangalie nyuma. Hiyo ni kubeba mfuko wa simiti na zaidi ukigeuka kuona nani anakufuata. Damu inakimbia kutoka kichwani, unakaza miguu na tumbo na kupumua kwa mpigo ili usizimie. Mtu wa miaka 25 anatoka hapo anacheka. Nimewaona wa miaka 40 wakishuka ngazi polepole wameshika kiuno, na hawasemi kitu juu wakisema daktari atawafungia. Kwa hivyo kumrudisha mzee wa 55 kwenye kiti hicho, hapana, na wanaojua kazi hawapangi hivyo. Ndege za mizigo na za mafunzo ni maneno mengine, hapo umri pekee haumzuii, ni daktari na mazoezi.

Lakini kuna kitu kuhusu mzee kurudi ambacho watu hawakijui, nikupe nilichokiona kwa macho yangu.

Zamani hangani, lile banda la ndege, tulikuwa tunamkalisha rubani mwanafunzi ndani ya ndege imezimwa, amefungwa kitambaa machoni, mwalimu amesimama juu ya ngazi anamtajia. Pampu ya mafuta. Mkono unaenda. Redio ya pili. Mkono unaenda. Akipapasa ata kidogo anaanza upya. Unafanya hivyo mpaka mikono iwe na akili yake yenyewe.

Sasa miaka kadhaa iliyopita hapa Kisumu kuna mzee mmoja, meja mstaafu, hakuwa ameruka miaka sita, akataka kufufua leseni yake. Daktari akampitisha. Akaenda na mwalimu kwa Cessna 172, mimi nikakaa kiti cha nyuma. Kutoka kuwasha mpaka kupaa sijaona kitu kisafi vile, mkono unafika kwa swichi kabla jicho halijafika, anaongea na sisi huku vidole vinatembea vyenyewe. Ilikuwa saa tisa mchana, upepo wa ziwa umeanza kusukuma, magugu maji yamejaa ufukweni upande wa Usoma, na akaishika ile ndege ubavu kwa ubavu na upepo kama hajawahi kutoka kazini. Halafu tukiwa tunazunguka kuja kutua mnara wa kuongoza ndege ukamwita kwa redio, ongeza mzunguko mmoja juu kuna ndege ya abiria inakuja, hamia masafa haya, weka presha hii. Vitu vitatu kwa pumzi moja. Mzee akanyamaza. Nikahesabu sekunde nne. Mnara ukamwita tena, mwalimu akabonyeza akajibu yeye.

Tulitua salama, vizuri sana ata. Akazima injini, akakaa mikono iko kwa mapaja, akasema, "Nilimskia kila neno. Sikujua nianze na gani." Alirudi mara kama saba hivi ndio zile sekunde nne zikaisha.

Nikakumbuka hiyo siku niliposoma swali lako. Kinachotangulia kuondoka kwa rubani aliyekaa nje ni mpangilio, redio, nini kwanza na nini pili, na kila mwaka vitu vinabadilika, mitambo mipya, taratibu mpya. Mikono hukaa sana. Kwa hivyo jeshi likimrudisha mzee lazima limtengee miezi ya kumweka sawa, na hiyo miezi inakula mwalimu, simuleta na mafuta, vitu vile vile ambavyo vijana wanavisubiri kwa foleni. Ukirudisha wazee 1,000 siku moja uwafundishe upya wote waruke, umejiongezea foleni. Ukiwarudisha kumi kumi, wengi kwa meza na darasa, umepumua.

Na ndio maana sipendi ya lazima. Mtu aliyeburutwa anakaa mezani akihesabu siku, hafundishi kitu, na kijana anamwangalia anajiambia kumbe ata nikimaliza hawaniachii, wacha nitoke mapema kabla hawajanishika. Umempoteza mzee kwa moyo na kijana kwa mwili. Aliyekuja kwa hiari, hata kama ni watano, hao watano wanafanya kazi ya ishirini.

Na ukitaka kujua rubani mstaafu ana thamani gani, usiangalie jeshi lake, angalia nani mwingine anamtaka. Oktoba 2022 Uingereza ilitoa tahadhari kwamba marubani wake wa zamani wa jeshi kama 30 walikuwa wamechukuliwa kwenda kuwafundisha wa China, na malipo yaliyotajwa yalikaribia pauni 240,000. Yaani yule uliyemwacha aende akae bila ata salamu ya Krismasi, kuna mtu alipiga hesabu akaona kichwa chake kina pesa hiyo.

Twende nyumbani sasa. Jeshi letu la anga lilianzishwa tarehe 1 Juni 1964, ndege za kivita za F-5 zikaja 1978, na tarehe 1 Agosti 1982 ikatokea lile jaribio la mapinduzi. Baada ya hapo jeshi la anga lilivunjwa, likaundwa upya likaitwa '82 Air Force, jina lake la mwanzo halikurudi mpaka 1994. Watu wakiongea kuhusu 1982 wanaongea siasa, na ni haki yao, lakini mimi kama fundi naona pia kile nilichokueleza hapo juu, kujenga upya jeshi la anga ni kujenga upya watu wa katikati, na hiyo ni miaka, hakuna njia ya mkato. Marehemu Jenerali Francis Ogolla, huyu wetu wa Alego kule Siaya, aliingia jeshini 1984, wakati ule ule wa kujenga upya, akafundishwa urubani wa kivita na jeshi la anga la Marekani, akaruka F-5, na ilimchukua mpaka 2018 kuwa kamanda wa jeshi la anga na 2023 kuwa mkuu wa majeshi. Alipokufa na wenzake tisa kwenye helikopta kule Elgeyo Marakwet tarehe 18 Aprili 2024, watu walilia mkuu wa majeshi. Mimi nililia pia yale masaa yote, miaka 40 ya kujua, ambayo huwezi kuitangaza gazetini upate nyingine. Nilienda Ng'iya, kwao Siaya, siku ya mazishi. Walikuwepo marubani wazee wengi, wamesimama nyuma na suti zao, na nikawaza kila mmoja hapa amebeba darasa zima kichwani na Jumatatu anarudi shambani.

Je mjomba anaeza kuitwa? Sheria ya KDF, majeshi yetu ya ulinzi, ya mwaka 2012 inatambua jeshi la akiba, kwa hivyo wazo la kumwita mtu aliyewahi kutumika si geni hapa. Lakini usilale ukidhani kuna gari la kijani litasimama Subukia usiku. Jeshi letu ni dogo, idadi ya marubani ni ndogo, wanajuana kwa majina, na mtu akihitajika mara nyingi atatafutwa na mtu anayemjua aulizwe kama yuko tayari. Na atakachohitajiwa ni kile nilichokuambia, kukaa na makadeti na marubani wapya, kusahihisha, kupanga. Hapo Lanet kwenu ndio makadeti wote wanaanzia, Kenya Military Academy, wewe unawaona wakikimbia barabarani asubuhi. Mimi ningekuwa na sauti ningesema wasingoje upungufu ndio watafute wazee. Rubani akiandika barua ya kuondoka, siku hiyo hiyo aulizwe kama anaeza kuja siku mbili kwa mwezi kufundisha, alipwe vizuri, apewe usafiri, asiachwe miaka sita nje halafu aje akae sekunde nne kimya.

Kama ni urubani wa kiraia wa kulipwa anataka, macho si kizuizi kama unavyofikiria, miwani inaruhusiwa, ila medikali ya daraja la kwanza lazima apite, na akishafika 60 anapimwa kila miezi sita, na kwa ndege za abiria za kimataifa mwisho ni 65 na lazima wawe marubani wawili mbele. Kufundisha darasani hakuna anayemuuliza umri.

Nikuombe kitu kimoja ukienda Subukia. Muulize mjomba logbuku yake iko wapi, kile kitabu cha masaa yake. Wengi nimewakuta wameziweka kwa sanduku chini ya kitanda na mchwa umeshaingia. Itoe, ifute vumbi, piga picha kurasa zote. Na mkikaa nayo mezani mwambie akusomee safari moja, yoyote, akuambie hiyo siku ilikuwaje, na wewe uandike.